Ndiva Haifunguliwi Kabla ya Kujaa

Hotuba ya wanachama wanaofanya kazi katika kampuni za ushauri na ukaguzi wa hesabu, iliyosomwa katika hafla ya kuchangia Mfuko wa Elimu



 Wapo tuliokaa nao mwaka jana ambao leo hawapo. Mungu azilaze roho zao mahali pema.

Tunawashukuru viongozi kwa kutupa nafasi hii kabla ahadi hazijaanza kuandikwa. Kwa kawaida hapa husimama daktari, mwalimu au mhandisi, na kazi zao kila mtu anazijua. Kazi yetu ni ngumu kidogo kuieleza. Mama zetu wakiulizwa kanisani au msikitini, "Mwanao anafanya kazi gani huko mjini?" hujibu, "Yuko ofisi moja kubwa, wanavaa tai." Leo tungependa kulipanua jibu hilo, kwa sababu vijana wetu wengi wanaosoma uhasibu, uchumi, sheria na kompyuta wanazitamani ofisi hizo, na wachache tu ndio wanaojua kinachowasubiri ndani.

Tuseme mapema tunachokuja kuomba ili asiwepo wa kushtukizwa. Tunaomba Mfuko wetu wa Elimu usimwache kijana siku anapovaa joho la mahafali. Umfuate kwa miaka mitatu zaidi. Sababu zetu ni hizi.

Kampuni hizi ni zipi

Zinazotajwa sana duniani ni nne: Deloitte, PwC, EY na KPMG. Zote zina ofisi Dar es Salaam. Asili yao ni ukaguzi wa hesabu. Deloitte chimbuko lake ni mwaka 1845, William Welch Deloitte alipofungua ofisi yake London. Nyingine tatu zilipata sura ya leo kwa kuungana: KPMG mwaka 1987, EY mwaka 1989 na PwC mwaka 1998. Ziko pia kampuni zinazofanya ushauri wa uendeshaji tu, kama McKinsey, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1926 na James O. McKinsey, aliyekuwa profesa wa uhasibu.

Kazi za hizi nne ziko za namna tatu hivi. Ya kwanza ni ukaguzi: kampuni au shirika linafunga hesabu zake za mwaka, na mkaguzi anapekua na kutoa maoni kama hesabu hizo zinaonyesha hali halisi. Ya pili ni kodi: kumsaidia mteja kujua anachopaswa kulipa na kukilipa kwa wakati. Ya tatu ni ushauri: benki inataka kubadilisha mfumo wake wa kompyuta, au kiwanda kinataka kujua kwa nini gharama zinapanda, wanaita watu waje kuchunguza na kupendekeza.

Tuongeze jambo moja ambalo wengi hawalijui. Ofisi hizi haziendeshwi kama tawi la benki ya kigeni. Kwa kawaida ni kampuni za wabia wa nchi au wa ukanda wetu, zilizojiunga na mtandao wa dunia na kutumia jina, taratibu na mafunzo ya mtandao huo. Wabia ndio wenye kampuni, na mbia alianza kama mwajiriwa, mara nyingi akiwa kijana aliyetoka chuo. Maana yake ni kwamba mtoto aliyesoma kwa koroboi kule milimani anaweza, kwa haki kabisa, kuja kuwa mmoja wa wenye nyumba. Kazi ambazo mlango wake wa mwisho uko wazi namna hiyo si nyingi.

Lakini mlango kuwa wazi hakuna maana kwamba njia ni fupi.

Ngazi na idadi ya watu

Kijana huanza akiwa msaidizi. Akifanya vizuri, baada ya miaka miwili au mitatu anakuwa mwandamizi anayeongoza kikundi kidogo kwa mteja. Kisha meneja, meneja mwandamizi, mkurugenzi, na juu kabisa mbia. Kutoka chini hadi ubia mara nyingi hupita miaka zaidi ya kumi.

Sasa tazameni umbo lake. Kampuni hizi huuza saa za watu. Kila saa tunayofanya kazi tunaiandika, na huandikwa kwa jina la mteja. Mbia mmoja huwa na mameneja wachache chini yake, na kila meneja ana waandamizi na wasaidizi chini yake. Ni kama mlima: chini ni papana, kileleni hapatoshi watu wengi. Tuchukue mfano wetu wenyewe, ambao si takwimu za kampuni yoyote. Wakiingia vijana 20 mwaka mmoja, hakuna ofisi inayoweza kuwafanya wote 20 kuwa mameneja, seuze wabia. Huo ndio muundo, na haukuwekwa kwa ubaya wa mtu. Wengine wataondoka mwaka wa tatu, wengine wa tano, wengine wa nane.

Hapa tunaomba wazazi watusikilize vizuri. Mtoto akiondoka katika kampuni hizi baada ya miaka minne, msimwambie ameshindwa, na msimfiche wageni wakija. Wanaoondoka hukuta milango mingine: uhasibu katika mabenki, ukaguzi wa ndani viwandani, mamlaka za serikali, mashirika ya maendeleo, na wengine hufungua ofisi zao ndogo. Waajiri hao huwatafuta kwa sababu katika miaka minne kijana ameingia ndani ya biashara nyingi za namna tofauti, ameona jinsi fedha zinavyoingia na zinavyopotea, amejifunza kuandika ripoti inayosomeka na kumuuliza swali mkurugenzi anayemzidi umri mara mbili bila kumvunjia heshima. Wapo miongoni mwetu leo waliokwisha kuondoka, na ndio wanaoongoza kuandika ahadi kubwa jioni hii.

Kwa hiyo ukuaji katika kazi hii una sura mbili: kupanda ndani, na kutoka ukiwa na mzigo mzuri begani. Zote mbili ni ushindi. Anayepoteza ni yule anayetoka mikono mitupu, na tutaeleza jinsi mtu anavyotoka mikono mitupu.

Mtihani

Upande wa ukaguzi, karibu kila kitu hutegemea cheti cha taaluma. Kwetu Tanzania ni CPA(T), inayotolewa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, ambayo mitihani yake hufanyika Mei na Novemba. Wako wanaofuata pia njia ya ACCA ya Uingereza. Shahada ya chuo kikuu humwingiza kijana mlangoni, lakini bila cheti cha taaluma atafika uandamizi na hapo atakwama. Wenzake watampita, na mwisho ataondoka bila kile ambacho mwajiri mwingine angekilipia.

Na miaka ya mtihani ndiyo hiyo hiyo miaka ya kazi nzito. Kampuni nyingi hufunga hesabu tarehe 31 Desemba. Ndiyo maana ukaguzi hupamba moto kuanzia Januari, na kabla ya hapo kuna kuhesabu mali. Wakati sisi wengine tumepanda basi kwenda nyumbani kula mwaka mpya, yule msaidizi mpya yuko ghalani tarehe 31 na karatasi yake, anahesabu magunia ya sukari au matairi, kwa sababu mali ya siku ya kufunga hesabu lazima ihesabiwe siku hiyo au karibu yake. Wazazi, mwana asipoonekana milimani Desemba, si kwamba ametekwa na mji. Muulizeni kwanza kama hayuko ghalani.

Sasa tuje kwenye mfuko wa huyu kijana. Watu wakisikia jina la kampuni hudhani ameingia kwenye hazina. Mshahara wa kuanzia ni wa mtu anayeanza. Unakatwa kodi ya mapato na NSSF. Kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi kulipa deni hilo. Kinacholala mfukoni kinamsubiri mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, nauli, na nguo za kwenda kwa wateja. Baada ya hapo simu inalia. Mdogo wake amefukuzwa ada. Bibi anahitaji dawa. Mjomba anajenga. Na katibu wa Chama, tunayempenda sana, naye anamkumbusha mchango wa mwaka.

Kijana wa Kipare hawezi kukataa. Hivyo hukata kule ambako hakuna atakayelalamika: anaacha kulipia mtihani wa Mei. Anasema atafanya Novemba. Novemba ikifika, kuna msiba. Miaka mitatu inapita, wenzake wamempita, yeye bado ana karatasi tatu za mtihani ambazo hajazigusa. Hivyo ndivyo mtu anavyotoka mikono mitupu. Akili haikumpungukia. Fedha za kumfikisha zilitumika kabla hajafika.

Hesabu ya wazee

Ndugu zetu, wazee waliochimba ndiva kule kwetu walizijua hesabu hizi kabla yetu. Maji ya kijito huelekezwa bwawani usiku kucha. Hakuna anayeyagusa. Asubuhi ndiva imejaa, inafunguliwa, maji yanateremka kwa nguvu katika mfereji hadi shamba la chini kabisa, kila mmoja kwa zamu yake. Ukiifungua saa sita usiku kwa sababu shamba lako lina kiu, maji yatalowesha hatua chache, yatanywewa na udongo, na asubuhi hakuna mtu atakayekuwa amemwagilia, hata wewe mwenyewe.

Msaidizi wa mwaka wa kwanza ni ndiva ya saa sita usiku. Sisi sote, kwa upendo kabisa, tumesimama na majembe pale kwenye tundu.

Hatusemi vijana wasisaidie nyumbani. Aliyelelewa na ukoo hulea ukoo. Tunasema zamu ifuatwe: miaka mitatu ya kujaza, kisha miaka thelathini ya kumwagilia.

Jina na uaminifu

Kuna jambo jingine tungependa familia zetu zilielewe, maana linaweza kuukata ukuaji wa kijana kwa siku moja.

Hadi mwaka 2002 kampuni kubwa za ukaguzi hazikuwa nne, zilikuwa tano. Ya tano ilikuwa Arthur Andersen, yenye wafanyakazi wapatao 85,000 duniani. Ilikuwa inakagua hesabu za Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyofilisika mwishoni mwa 2001 baada ya kugundulika kuwa hesabu zake zilikuwa zimepambwa. Andersen ilishitakiwa kwa kuharibu nyaraka, na mwaka 2002 ikatiwa hatiani. Mahakama Kuu ya Marekani iliitengua hukumu hiyo mwaka 2005, lakini wateja walikuwa wameshaondoka na kampuni haipo tena. Maelfu kwa maelfu ya watu ambao hawakuwahi kuiona hata karatasi moja ya Enron walipoteza kazi. Kinachouzwa na mkaguzi ni kuaminika kwake, na kikivunjika hakuna bidhaa nyingine rafuni.

Ndiyo maana sheria za kazi hii ni kali. Mkaguzi haruhusiwi kumiliki hisa za kampuni anayoikagua. Zawadi zina mipaka. Siri ya mteja ni siri hata kwa mke au mume. Kwa hiyo mjomba anapompigia kijana na kusema, "Nasikia mnakagua kampuni fulani, hebu niulizie ile tenda," au shangazi anapoomba binti yake aingizwe kazini kwa mteja, wanaona ni jambo dogo la kindugu. Kwa kijana ni leseni yake, na ni chakula cha wadogo zake kwa miaka thelathini ijayo. Akisema hapana, tafadhali msiseme amebadilika. Mshukuruni Mungu kwamba mlimlea vizuri.

Kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wote

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini Chama kisumbuke na vijana wa tai, na kule kuna shule zisizo na madawati?

Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kwenda Same kupinga kodi ya mbiru. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, aliiandikia historia hiyo. Mbiru ilikuwa kodi iliyotozwa kwa kukadiria mali na kipato cha mtu, na kiini cha ugomvi kilikuwa makadirio yenyewe: nani ameamua kwamba mtu huyu ana kiasi gani, na kwa kipimo gani? Wazee hao waliligeuza swali la hesabu kuwa swali la haki, na mwishowe kodi hiyo ikaondolewa.

Maswali ya namna hiyo bado yapo vijijini mwetu. Kamati ya maji imekusanya kiasi gani, na pampu ikiharibika ziko wapi? Kikundi cha kina mama kimegawana sawasawa mwisho wa mwaka? Mkulima wa tangawizi kule Mamba Miamba akiambiwa bei, anajua gharama yake mwenyewe kwa kilo? Eneo lenye watu wengi wanaoijua kazi ya hesabu na hawaogopi kuuliza ni eneo ambalo fedha zake hazipotei kirahisi. Mjenzi wa darasa na mlinzi wa fedha za darasa wote wanahitajika.

Tunachoomba, na tunachotoa

Mambo tunayoomba ni matatu.

La kwanza: Mfuko wa Elimu utenge fungu la mitihani ya taaluma. Lisiwe zawadi, liwe mkopo usio na riba. Kijana analipiwa ada ya usajili na mtihani, na anaanza kurejesha akishamaliza ngazi ya mwisho au akishatimiza miaka mitatu kazini. Akirejesha, anafuata mwingine. Wauguzi, wahandisi na wanasheria wenye mitihani yao nao wahusike. Jambo hili tunalolieleza kwa kazi yetu liko katika kazi nyingi.

La pili: mwanachama aliyeajiriwa kwa mara ya kwanza asamehewe mchango wa mwaka kwa miaka mitatu. Badala yake atoe siku zake: siku mbili kwa mwaka za kufundisha au kusaidia kazi za Chama. Nyumbani tunajua msaragambo. Asiye na fedha huja na jembe lake, na hakuna anayemdharau.

La tatu: shule zetu za sekondari zipate kompyuta chache zinazofanya kazi, na nafasi ya wanafunzi kuzungumza na kuandika Kiingereza kila wiki. Kampuni hizi huwapima waombaji kwa majaribio ya hesabu na ya kusoma kwa Kiingereza, mara nyingi kwenye kompyuta na kwa muda mfupi, kisha huja usaili. Vijana wetu hawashindwi hesabu. Hushindwa kwa sababu wanaigusa kompyuta kwa mara ya kwanza wakiwa chuoni, na kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza, "Eleza maoni yako," akasubiri jibu. Zaidi ya hayo, programu za kompyuta sasa zinachukua kazi ya kulinganisha risiti moja moja, ambayo ndiyo msaidizi alikuwa akianzia. Atakayebaki ni yule anayeweza kufikiri na kueleza.

Nasi hatukuja mikono mitupu. Tunaahidi mambo matatu mbele yenu. Kila mwaka, kabla ya msimu wa ajira, tutafanya usaili wa majaribio kwa vijana wetu wote walio mwaka wa mwisho chuoni, bure. Kila mwaka wawili kati yetu watapanda kwenda nyumbani kuwafundisha watunza hazina wa kamati za maji, vikundi vya akiba na mifereji namna ya kuandika daftari ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma. Na fungu hilo la mitihani, tukilianzisha, taarifa yake itachapishwa katika kijitabu hiki: kilichoingia, kilichotoka, nani amerejesha, nani bado. Hatuwezi kuwakagua wengine mwaka mzima, kisha hesabu za nyumbani tukazifunika kwa kitambaa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ndugu zetu, karatasi za ahadi ziko mezani. Kuna mstari mpya umeongezwa chini ya madawati na mabati: "Mitihani ya taaluma." Utakachoandika hapo hutakiona kikisimama kama jengo lenye jina lako. Utakiona miaka kumi baadaye, siku binti wa jirani yako atakapolipa ada za watoto watano bila kukopa, na kamati ya maji ya kijiji chenu itakaposoma hesabu zake hadharani na watu wakatulia.

Tusaidieni kuilinda ndiva usiku huu. Asubuhi maji yatawafikia wote.

Mungu awabariki, aibariki Upare na Tanzania yetu.